Ulanzi wa Kipaimara na Pua ya Bibi

Mwalimu wetu wa baiolojia aliandika ubaoni kwamba korona iliingia nchini mwezi wa tatu, siku mgonjwa wa kwanza alipotangazwa. Nikanyoosha mkono. Darasa likaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, maana mimi nikinyoosha mkono watu wanajua kuna burudani.

Nikauliza: "Mwalimu, kwani kirusi kilikuwa kimekaa mpakani kinasubiri kutangazwa ndipo kiingie?"

Nilitegemea kutolewa nje, na kwa kweli nilishajiandaa, hata daftari nilikuwa nimelifunga. Lakini mwalimu akaweka chaki chini akasema hilo ni swali la watu wazima. Ugonjwa kutangazwa ni jambo moja, ugonjwa kuingia ni jambo lingine, na katikati hapo kunaweza kuwa na siku au miezi ambayo hakuna aliyepimwa, kwa hiyo hakuna anayejua. Kisha akaniambia nikae na nisijione nimeshinda.

Nikakaa. Ila kwa kipindi chote kilichobaki mimi sikuwepo pale. Nilikuwa Mufindi, nyumbani kwa bibi, kwa sababu kwenye ukoo wetu swali hilo halikuwa la mtihani. Kuna mwaka lilibakiza kidogo tu limng'oe bibi yangu nyumbani kwake.

Sisi tunakaa Rujewa. Baba anaendesha mashine ya kukoboa mpunga, na kama hujawahi kukaa karibu na mashine ya mpunga nikwambie tu kwamba hata chai yetu ina pumba. Bibi, mama yake mama, anakaa huko juu Mufindi, kwenye baridi, kwenye nyumba ya bati yenye mianzi nyuma. Mianzi ile ndiyo kazi yake na ndiyo jeuri yake. Msimu wa mvua ukianza anaigema: anakata ncha ya chipukizi, anafunga kikopo cha mwanzi chini yake, na asubuhi na jioni anapita kukata tena kidogo ili utomvu uendelee kudondoka. Huo ndio ulanzi. Ukiwa wa leo unaitwa mtogwa, mtamu, hata mtoto anakunywa. Ukilala siku moja au mbili unakuwa mkangafu, na huo ni wa watu wenye ndevu.

Kati yangu na bibi kuna utani, kama ilivyo kwa bibi na wajukuu wote. Yeye ananiita mume wangu, mimi namwita mke wangu. Akipika ugali mbichi namwambia narudisha mahari. Nikichelewa kuamka ananiuliza nimeoa wapi kwingine. Mtu asiyejua anaweza kudhani hatuna adabu, na kwa upande wangu atakuwa hajakosea sana.

Sasa, kile kikohozi. Kilianza Krismasi, nikiwa naelekea kuingia darasa la tano. Mjomba, kaka yake mama, alikwenda kwa bibi na familia yake kutoka Mbeya mjini kula sikukuu, na mwaka mpya ulipofika nyumba nzima ilikuwa inakohoa kama pikipiki isiyotaka kuwaka. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kila mtu alikuwa na kikohozi chake cha kazini. Bibi alilaumu ukungu na moshi wa jikoni. Mjomba, ambaye hupeleka bidhaa za duka hadi Makongolosi, alilaumu vumbi la njia ile. Baadaye kidogo, nyumba ya bibi ilipokuwa imeshanyamaza, tulikohoa na sisi Rujewa, na baba akalaumu pumba, kama anavyolaumu pumba kila mwaka kwa kila kitu. Watu walikuwa wanapigiana simu wanakoholeana, wanapeana pole, wanakata. Hakuna aliyekwenda kupima, kwa sababu hakuna aliyejua kuna kitu cha kupima.

Lakini kabla hatujaanza kukohoa sisi, mwezi wa pili, kulikuwa na kipaimara.

Binti wa mjomba alipata kipaimara, na mjomba akataka sherehe ifanyike kijijini kwa bibi ili ndugu wote wafike. Kwaya ya kanisa ikaalikwa. Bibi akaandaa ulanzi wa aina mbili: mtogwa kwa ajili ya watoto na kwaya, mkangafu kwa ajili ya wazee. Vyote viwili vilikuwa kwenye madumu ya njano yanayofanana kama mapacha. Hakuyawekea alama. Hajawahi kuweka alama maisha yake yote, kwa sababu yeye alikuwa anafungua kifuniko, anainamisha pua, anakwambia huu umegemwa lini, na ukimkera anakuongezea na mwanzi gani.

Kwetu kuna utaratibu wa kuonja. Mwenye kinywaji anakunywa kwanza mbele za watu, ili asije mtu akadhani amewekewa kitu. Kisha anampa kikombe mtoto wake mkubwa wa kiume. Naye anaonja, anasema neno, ndipo kikombe kinazunguka. Bila neno lake hakuna anayegusa. Siku hiyo bibi alifungua madumu, akainama kwenye moja, akainama kwenye lingine, akaonyesha: hili la kwaya, hili la wazee. Akaonja lile la kwaya, akampa mjomba. Mjomba alikuwa amevaa suti na manukato mengi kiasi kwamba nyuki walikuwa wanamfuata. Akaonja, akaonja tena, akafumba macho, akasema mtogwa huu ni mtamu kama asali. Kwaya ikapiga makofi.

Hayo nimesimuliwa. Mimi na mama tulifika tumechelewa, kwa sababu lori la mchele tulilopanda liliharibika Makambako. Tulipoingia uani nikajua mara moja kwamba hii si sherehe ya kawaida ya kanisa. Sauti ya nne ya kwaya walikuwa wanaimba ubeti wa kwanza, wakiumaliza wanaurudia, na mwalimu wao wa kwaya alikuwa anawaomba kwa machozi wahamie wa pili. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa anazunguka kusamehe watu, hata ambao hawakumkosea. Watoto wadogo walikuwa wamelala kwenye mkeka mchana kweupe. Binamu yangu, na gauni lake jeupe, alikuwa anamwuliza mchungaji kwa heshima zote kwa nini masikio yake hayalingani. Upande wa pili wazee walikuwa wamekaa wakavu kabisa, wanakunywa na kunywa, na mmoja wao analalamika kwamba mianzi ya mwaka huu haina nguvu.

Tukakaribishwa, tukapewa vikombe. Mama hakukifikisha chake mdomoni. Alikikunjia uso kikiwa bado kifuani, akaninyang'anya na changu.

"Nani amewapa watoto mkangafu?" aliuliza, na uani pakawa kimya, isipokuwa sauti ya nne, ambao walikuwa wameanza tena ubeti wa kwanza.

Hakuna aliyeumia. Kesho yake kulikuwa na vichwa vizito na ibada fupi. Ila aibu ilikuwa kubwa, na yote ilimwangukia bibi. Mchungaji alikwenda kumsemesha kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kufokewa. Watu wakaanza kusema uzee umemwingia kichwani. Mgemaji wa miaka yote anashindwa kutofautisha wa leo na wa juzi? Bibi hakujitetea. Alikaa jikoni akawa anasema tu, "Nimekosea, nimekosea."

Mjomba aliumia kuliko wote, kwa sababu wageni walikuwa wake. Naye si mtu mbaya. Mama wa jirani yake kule Mbeya alikuwa ameanza hivyo hivyo, kwa kusahau vitu vidogo. Mwisho akaokotwa anatembea kando ya barabara ya Tunduma, hajui jina lake. Mjomba aliyaona hayo kwa macho yake, kwa hiyo hofu yake haikuwa ya kubuni. Akaamua: baada ya Pasaka atakuja kumchukua bibi akaishi naye mjini. Mianzi itakatwa, pale papandwe parachichi, ambazo hazihitaji mtu wa kuzigema kila asubuhi na jioni. Bibi aliitikia kwa kichwa. Mimi nilijua hiyo haiwezi kuwa ndiyo, kwa sababu bibi akikubali kitu huwa anaongea sana.

Baada ya hapo ndipo ugonjwa ukatangazwa na shule zikafungwa. Nilipelekwa kwa bibi. Kwa nje nilikwenda kumsaidia kazi, kwa ndani nilikuwa mpelelezi. Mama alinituma nimwangalie kama anasahau sahau. Nikaangalia kwa bidii. Bibi hakusahau kitu. Alikumbuka makosa yangu ya tangu nina miaka minne, kwa mpangilio, pamoja na fimbo alizotumia. Asubuhi na jioni alikwenda kwenye mianzi yake, hakuruka hata mmoja. Ila ulanzi wenyewe alikuwa anawagawia majirani siku hiyo hiyo, haulazi. Nilidhani ni ukarimu.

Siku moja nikaokota yai viza nyuma ya rundo la kuni. Kuku alilitelekeza zamani, na ukilitikisa linaongea. Mtu mwenye utani na bibi yake akipewa yai kama lile anafanya nini? Nilimsubiri bibi akae jikoni kuchambua maharage, nikalipasua kwenye kopo, nikalisukuma taratibu chini ya kigoda chake, nikarudi mlangoni kusubiri kelele.

Kelele hazikuja. Bibi alichambua maharage. Akaimba pambio. Mbwa aliinuka akaondoka zake, nadhani alitaka kuhama kabisa. Mimi pale mlangoni machozi yananitoka, nimebana pua, na bibi akanitazama kwa huruma.

"Unalia nini, mume wangu?"

Nikasema moshi. Akaniambia niingie nisikae kwenye baridi, chakula kinakaribia.

Nikaingia, nikakaa mbali na kigoda, na bado sikuelewa. Nilidhani ananichezea, kwamba ameamua kunishinda kwa kujikausha. Kwa hiyo nikavua soksi zangu. Zile soksi sitazielezea, ila nilikuwa mvulana wa darasa la tano kwenye likizo isiyo na mwisho, na maji ya Mufindi ni ya baridi. Nikamwekea begani, karibu kabisa na shavu. Bibi akazishika, akasema kesho atafua, akaziweka pembeni, akaendelea na maharage.

Hapo kicheko kikaniisha. Nikauliza polepole, "Mke wangu, husikii harufu?"

Mikono yake ikasimama. Akaweka ungo chini, akasema, "Funga mlango kwanza."

Nikafunga, jambo ambalo kwa hali ya hewa iliyokuwemo humo ndani lilikuwa kosa, lakini nilivumilia. Bibi akaniambia pua yake imekufa. Ilikufa kwenye kile kikohozi cha Krismasi. Aliamka asubuhi moja akanywa chai ikawa kama maji ya moto tu, akadhani ni majani mabaya. Akanusa kitunguu, hamna. Akanusa mafuta ya taa, hamna. Akasubiri irudi, haikurudi. Siku ya kipaimara vijana waliyachanganya madumu wakati wa kuyatoa nje, naye akafungua, akainama kama kawaida yake, yote mawili yakawa kama maji ya mvua. Hata alipoonja, ulimi nao ulikuwa umelala.

"Nilikisia," akasema. "Maisha yangu yote sijawahi kukisia ulanzi."

Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia watu. Akanijibu kwamba akisema leo pua imekufa, mjomba atasema kesho kichwa, na safari itakuwa ya kesho badala ya baada ya Pasaka. Bora waseme alikosea kuliko waseme amekwisha. Ndiyo maana alikuwa halazi ulanzi: aliogopa kukisia tena.

Nilitoa kopo nje nikalifukia.

Siku hizo kila mtu alikuwa anajifukiza. Bibi naye alichemsha majani ya mkaratusi na mchaichai, akajifunika blanketi, akatoka ametoa jasho, na bado hakusikia hata chembe ya mkaratusi, ambao mimi niliusikia nikiwa zizini. Haukupita muda mrefu, redio ikawa inasoma dalili. Homa, tukaitikia. Kikohozi, tukaitikia. Kisha mtangazaji akasema wengine wanapoteza uwezo wa kunusa na kuonja. Bibi alikuwa ameshika kijiko. Alikishika hivyo hivyo hewani.

"Wamesema pua?"

"Wamesema pua."

"Sema tena."

"Wamesema pua, mke wangu. Na ulimi."

Alikaa chini. Nilimwona anapumua kama mtu aliyetua kuni kichwani. Lakini furaha ilikuwa fupi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyelikumbuka tatizo: kikohozi chake kilikuwa cha Krismasi, na huu ugonjwa umetangazwa juzi. Nikamwambia kutangazwa si kuzaliwa. Akasema, haya, kamwambie mjomba wako hivyo.

Mjomba alikuja baada ya Pasaka, kama alivyosema, na gari la kuazima. Mama naye alipanda kutoka Rujewa. Tulisalimiana kwa miguu, maana mikono ilikuwa imepigwa marufuku, na mama alikuwa ameshona barakoa za kitenge zilizotufanya tuonekane kama majambazi wanaokwenda harusini. Begi la bibi lilikuwa limeshafungwa, liko karibu na mlango. Tukaingia sebuleni. Mjomba akafungua kikao kwa kusema watoto waende wakacheze.

Nikainuka. Bibi akanishika shati.

"Huyu si mtoto. Huyu ni mume wangu, na ni mimi ninayehamishwa. Anakaa."

Mama akacheka, mjomba akacheka bila kupenda, na kwa kuwa utani haukataliwi, nikakaa. Bibi akasema mumewe ana neno.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, maana mtu aliyezoea kuchekesha akiambiwa aseme jambo la maana anakosa pa kuweka mikono. Nilisema habari za pua, chai, kitunguu, redio. Yai nililiruka. Mama alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa, kwa upole ule ule wa mchungaji.

"Mjomba, ugonjwa umetangazwa mwezi wa tatu. Kipaimara kilikuwa mwezi wa pili, na kikohozi unachosema ni cha Krismasi. Mama ataugua vipi ugonjwa ambao haujafika?"

Mama akakubali kwamba hapo hesabu haikai sawa. Nikamwona bibi anageuka kuliangalia begi. Nikahisi nimempeleka mwenyewe hadi kwenye gari.

Kumjibu mjomba ana kwa ana singeweza, hata mimi nina mipaka. Kwa hiyo nikamgeukia mke wangu.

"Mke wangu, siku ile ulipomaliza kuonja, kikombe ulimpa nani?"

"Nilimpa mwanangu huyu."

"Akasemaje?"

Bibi alimtazama mwanawe, akatazama sakafu. Hakutaka kumwaibisha, hata pale, hata begi likiwa mlangoni. Mama ndiye aliyejibu, na sauti yake ilianza kutetemeka kwa kicheko kabla neno halijatoka.

"Wanasema alisema mtamu kama asali."

"Nilisema kwa heshima," mjomba akasema.

"Kaka, wanasema ulirudia kuonja. Mkangafu unanuka. Mimi niliusikia kikombe kikiwa hapa," akagusa kifua. "Wewe uliutia mdomoni ukafumba macho. Na kwaya nzima ikanywa hadi ikamaliza dumu. Watu wote wale, pua zao zilikuwa wapi?"

Mama hakumwacha. Akamkumbusha manukato. Alimwambia siku ile walidhani chupa imempasukia mfukoni.

Pale sebuleni niliona kitu ambacho sijawahi kukiona: mjomba anafikiri kwa uso. Akavua barakoa. Akaanza taratibu, kama mtu anayejisimulia mwenyewe, kwamba baada ya Krismasi aligombana na mkewe kwa muda mrefu kuhusu chumvi. Kila chakula kilikuwa hakina chumvi. Mkewe anaapa ameweka, watoto wanasema ipo, yeye anaongeza, hadi siku moja mkewe alimletea chumvi peke yake kwenye sahani akamwambia ale. Na manukato yalikuwa mapya. Alikuwa anayapaka, hayasikii, anaongeza, anaona ameuziwa maji. Alikwenda hadi dukani kugombana na aliyemuuzia.

Mama alikuwa ameshalala kwenye kiti kwa kucheka. Mimi niliuma kola ya shati. Bibi peke yake hakucheka. Alimwuliza mwanawe, "Na hukusema?"

"Nisemeje, mama? Kwamba nimepoteza pua?"

Wakatazamana. Mjomba akafuta uso kwa barakoa, akasema, "Kwa hiyo na mimi nihamishwe."

"Njoo huku kwangu," bibi akasema. "Kitanda kipo."

Hapo mjomba akacheka, kicheko cha kweli, na kikamalizikia kwenye kitu kingine, akainama muda mrefu ameshika magoti. Alipoinuka alisema kwamba hajui kama ilikuwa korona au mafua mengine yoyote, na hakuna atakayejua, kwa sababu hakuna aliyepima. Mama akasema hata yeye hajui. Lakini chochote kilichopita, kilipita kwenye pua za watu wote, na aliyefungiwa begi ni mmoja.

Mjomba ni mtu wa kuhakikisha, kwa hiyo kabla ya kufungua begi alitaka twende zahanati. Tukaenda wote wanne. Muuguzi, dada mmoja mkali mzaliwa wa pale pale kijijini, alisema kipimo cha kumwambia mtu aliugua nini Krismasi yeye hana. Wengine waliokohoa wakati ule nao walikuja na habari za chai isiyo na ladha, ila hawezi kuandika kitu asichokipima. Kichwa, hata hivyo, anaweza kukiuliza maswali. Akamwuliza bibi leo siku gani. Bibi akajibu, akaongeza na mnada uko wapi. Akamwuliza majina ya wajukuu. Bibi akawataja wote, na waliobatizwa majina mawili akataja yote mawili. Akamwuliza kama anamkumbuka yeye ni nani. Bibi akamwambia ni binti wa nani, mama yake alitoroka na nani kabla ya kuolewa na baba yake, na mvua ilikuwa inanyesha.

Muuguzi akafunga kalamu yake. "Huyu mama hana shida ya kichwa," akasema. "Shida tunaipata sisi."

Tulirudi tunacheka njia nzima, na barakoa zetu zimeshukia kidevuni. Mjomba alisema madumu yatenganishwe, la mkangafu lifungwe kitambaa chekundu, ili pua ikiwa likizo macho yafanye kazi. Habari ya parachichi hakuigusa tena. Kabla ya kupanda gari alisimama na bibi nyuma ya nyumba, kwenye mianzi. Sijui waliongea nini. Niliona tu bibi anaongea sana, anaonyesha mwanzi huu na ule, na mjomba anaitikia, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama." Gari likaondoka, kiti cha mbele kikiwa kitupu. Mama aliinua mkono kupunga hadi lilipopotelea kwenye misonobari, akavuta pumzi ndefu, akasema sasa hata usingizi utakuja.

Pua ya bibi ilirudi kidogo kidogo, kwa vipande, na iliporudi alianza kulalamikia vitu vingi kiasi kwamba tuliikumbuka ilipokuwa haipo. Lakini hiyo ni ya baadaye.

Siku ile, gari lilipokwisha kuondoka, bibi aliniita nimwingizie begi chumbani. Nikalishika likagoma kuinuka. Nikamwuliza mke wangu ameweka maiti ya nani humu. Akalifungua. Juu kulikuwa na kanga mbili na sweta. Chini ya sweta kulikuwa na jiwe la kunolea, zima, zito kama mtoto wa nguruwe, na kando yake, kimefungwa kwenye kitambaa, kile kisu chake cha kugemea.

Nikamwuliza Mbeya mjini angegema nini, nguzo za umeme?

Bibi alilitoa jiwe, akalirudisha mahali pake kwenye baraza, akalimwagia maji, akaanza kunoa. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na mianzi ya jioni ilikuwa bado.

"Chukua ndoo, mume wangu," akasema. "Tumechelewa."